Makaa Yasiyotoa Moshi

Valerie,

Maharagwe yanachemka nje. Yaongeze maji, na jiko libaki huko huko nje.

Asubuhi ulinifokea nilipofungua dirisha: "Guka, makaa yameshika, hayana moshi, unataka mtoto agande?" Moshi si hoja, mama. Makaa mekundu ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu hulala asiamke. Uliamka ukiumwa na kichwa. Mbona kilipona ulipotoka kuteka maji? Hata mtoto alikuwa amelegea kama sukuma wiki ya jana, hadi nikamtoa nje.

~~Nimehamia kwa rafiki yangu Nzuki, huko sifokewi.~~ Nimeenda Kawangware kumtafutia mtoto blanketi zito. Ubao wa kufungia dirisha nimeubeba, usijisumbue kuutafuta.

Babu yako,
Guka