Samadi ya Mama Mkwe

Shoga, nimekwisha. Mpimaji wa udongo ametoka hapa sasa hivi.

Si unaijua bustani ya mama mkwe, pale palipokuwa uwanja wa shabaha wa askari? Miaka sita nimembebea samadi nikimtania, "Mama, leo tunazika vita!"

Kumbe samadi haijaondoa sumu ya risasi zilizooza. Imeishika. IMEISHIKA, shoga, juu juu, kwenye mizizi!

Na wanangu wanakula karoti za pale tangu waote meno. Kesho wanapimwa damu.

Mama akamuuliza mpimaji, "Basi tusiweke tena?"

"Mkiacha, samadi ya zamani itaoza iishe, sumu iachiliwe ishuke kisimani."

Nikatafuta utani, sikuupata.

Mama akaitazama ndoo ya samadi niliyoleta asubuhi. "Mwanangu, hii tuimwage wapi?"

Bado nimeishika.