Koti la Kifuani la Efrazia

Jumanne, 8 Julai 2003

Mdogo wangu Efrazia amejifungua! Mapema mno, mimba ya miezi saba tu. Shemeji Nicodemo, mume wake, alikuja na baiskeli hadi mlangoni pa kibanda changu cha ushonaji, akasimama kaishikilia tu baiskeli. Nikadhani msiba. Kumbe wazima wote wawili. Mtoto wa kike. "Ni mdogo, shemeji," akasema. "Mdogo sana."

Nikafunika cherehani, nikaenda hospitali. Jamani! Kofia ya soksi inamfunika hadi kidevuni. Kadi yake imechapwa Mkoa wa Arusha, nesi akafuta kwa kalamu akaandika Manyara. Mtoto wa mkoa mpya! Mdogo wangu anacheka kwa uchovu. Nicodemo hakuingia wodini. Eti viatu vina matope.

Jumatano, 9 Julai

Nesi Zita — mama mnene, sauti ya kwaya — ametueleza. Umeme hauaminiki na baridi ya Julai ni kali. Kwa hiyo mtoto akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mpaka aongezeke uzito. Kamfunga kwa khanga. Lakini Efrazia akikohoa, khanga inateleza. Akiinuka, inateleza. Usiku mtoto alishuka hadi tumboni, miguu ikapoa. Nesi aliwahi. Tangu hapo Efrazia anaogopa kulala. Amekaa tu, kashika fundo la khanga kwa mikono miwili.

Na mimi ni fundi! Nikamwambia, nitakushonea kitu.

Ijumaa, 11 Julai

Nilichukua koti zito la mitumba, nikaliwekea zipu ya chuma niliyoifumua kwenye jaketi la jinzi. Imara hiyo. Nikalipeleka kwa majivuno. Nesi Zita akalaza shavu lake juu ya meno ya zipu, kisha akaniambia nami nilaze. Baridi kama bomba la maji asubuhi! Na yanakwaruza. Halafu akauliza: mtoto akitaka kunyonya, utaishusha yote? Miguu si itabaki nje?

Nimefumua.

Jumamosi, 12 Julai

Leo zipu ya nailoni, ile laini ya magauni. Haikwaruzi kabisa. Efrazia akavaa, akakaa kitandani — prrrr! Kichwa cha zipu kiko juu, meno yameachia chini yake. Nikakibana kichwa kwa koleo. Ikafunga. Akavuta pumzi, ikaachia tena. Nilitaka kulia mbele ya wodi nzima.

"Dada," akasema, "hili koti ulilikata la mwanafunzi?"

Tukacheka mpaka nesi akatukemea.

Jumatatu, 14 Julai

Kwa mzee Hatibu, duka la nyuzi na vifungo hapa Katesh. Shikamoo, marahaba, mzazi anaendeleaje. Ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha zipu, na ukimgusa hapo umekwisha! Ya gauni, anasema, ni uzi mmoja mrefu wa nailoni uliosokotwa kama springi na kushonewa kwenye utepe. Ya chuma, kila jino linabanwa peke yake. Zile nene za plastiki, meno yanamiminwa ya moto juu ya utepe wenyewe, yakipoa yameshika. Enzi za mgao wa bidhaa aliletewa nyeusi tu, hata kwa gauni la harusi. Sasa makontena yanashuka, ana hadi ya zambarau.

Lakini yenye vichwa viwili, inayofunguka juu na chini, hana.

Halafu akalivuta mbavuni koti nililokwenda nalo. "Mwanangu, unaionea zipu. Kazi yake kufunga, si kubeba mtu. Koti linabana. Lipanue kwanza."

Nilinuna njia nzima. Ila ni kweli.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeipata! Kwenye lundo la mitumba, begi la kulalia, la aina wanayobeba wazungu wakipanda mlima. Limechanika, linanuka, lakini zipu nzima. Meno mapana ya plastiki, vichwa viwili! Nimeikata kwa kipimo cha koti, nikapiga uzi mwingi mwishoni kichwa kisichomoke. Cha chini kilikuwa kigumu, nikayasugua meno kwa mshumaa, kikateleza. Ndani, nyuma ya zipu, nimeweka ulimi wa kitambaa cha flana, mtoto asiguse jino hata moja. Mbavuni vipande vya sweta, vinavutika.

Mama mmoja kaniona na zipu, akauliza kwa nini ya sketi yake hujishusha yenyewe kanisani. Nikamwambia alaze chini kipini cha kuvutia, kikisimama hakishiki. Akajaribu hapo hapo. Akaenda zake kwa furaha.

Ijumaa, 18 Julai

Efrazia amelala! Amelala kabisa, mdomo wazi, na mtoto ndani ya koti. Juu tunafungua anyonye. Chini tunafungua kubadilisha nepi. Nesi Zita kauliza kama naweza kushona mengine.

Naweza.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya misa. Nicodemo yuko nje kwenye benchi na chupa ya uji, kama kila siku. Nikamwuliza leo matope yako wapi, maana viatu vinang'aa. Akavitazama viatu: "Shemeji, mimi ni mtu wa jembe. Nitamvunja."

Nesi Zita akasikia. "Nani kakwambia umshike? Koti litamshika. Nawa, vua shati."

Efrazia akamwachia koti, akaenda kuoga. Wodini nesi akamlaza mtoto kwenye kifua cha baba yake. Mikono ya Nicodemo ikabaki hewani, haijui pa kwenda. Nikamvika koti, nikapandisha zipu polepole, kidole changu nyuma ya flana. Mbavu zikavutika. Ikafunga!

Naandika nikiwa kwenye kitanda cha jirani. Mwanzo Nicodemo alikuwa anahema kama aliyepanda mlima. Sasa ametulia. "Ana kucha huyu," kaninong'oneza. Mtoto kalia kidogo, naye akamwimbia kwa Kiiraqw, wimbo wa kurudisha ng'ombe. Mtoto kanyamaza! Efrazia amerudi, taulo shingoni, maziwa yamelowesha blauzi. Anasema haya, mlete anyonye. Nikanyoosha mkono kushusha zipu, Nicodemo akaufunika kwa wake. Subiri kwanza, shemeji.

Efrazia kamwita mara ya pili. Anacheka, na machozi yanamtoka. Nicodemo anasema bado kidogo —