Albano na maiki yake

Hope, nina hasira hizo!

Si unajua Albano anatafsiri filamu za nje kwenye banda la video hapa Kiwalani? Leo kaniita: "Sista Sekela, njoo, kuna ya kuchekesha, marafiki wanaishia kuwa wapenzi." Mie huyo, na karanga zangu.

Yule dada wa kwenye filamu kafungua tu mdomo, Albano kwenye maiki akamtafsiri: "Nimekupenda tangu uliponifundisha baiskeli, ila naogopa utanicheka."

Hope! Hayo ni maneno YANGU! Nilimwandikia Albano kwenye meseji siku ya Jumanne, yeye peke yake! Mie niliyeachwa mara mbili, nikaapa sisemi tena!

Banda zima likacheka. Na yeye akacheka, kwenye maiki!

Nikamfuata mbele. Eti: "Usikasirike bwana, nilikosa maneno matamu." Nikamuuliza: ukachukua ya kwangu? Na jibu la meseji yangu liko wapi? Akanijibu: "Tulia, mwishoni wanaoana."

Nikamnyang'anya maiki. Kwenye skrini wale wakaanza kubusiana, nikatafsiri mie: "Toa huo mdomo wako, hautunzi siri."

Watu walishangilia hao!

Anapiga simu sasa, ya tisa hii. Akitaka jibu langu mie, akaulize banda zima, wote wamelisikia.