Saa Moja Nyuma

Tunduma, 3 Machi 2025

Shemeji Nikodemo,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila goti langu linasumbua majira haya ya mvua. Hali yako huko Kitwe? Simu hupokei, basi barua nimempa dereva wa lori.

Ni kuhusu filamu yetu ya mwaka 2001. Ile kanda nimeihamishia kwenye kompyuta na picha zinaonekana. Mtu anavuka mpaka kwenda Nakonde, ng'ambo ambako saa ziko nyuma yetu kwa saa moja, naye anajaribu kurekebisha makosa yake. Hatukuwa na hela ya kuunda mashine ya kurudisha wakati, ule mpaka wenyewe ukatufanyia kazi bure. Kilichobaki ni pale anaporudi nyumbani akiwa mzee. Tulipanga kukupaka unga wa sembe kichwani. Ukavuka mbele ya kamera, hukurudi. Mimi nilisubiri hadi betri ikaisha. Dada yangu Restuta, mkeo, alisubiri zaidi, na mimba ya miezi minne.

Sasa unga hauhitajiki. Njoo tumalize.

Shemeji yako,
Gasper

Kitwe, 20 Aprili 2025

Shemeji Gasper,

Pole na goti. Mimi mzima, sukari tu ndiyo inanisumbua. Natotela, kama tunavyoshukuru huku. Hapo kwenye unga nilicheka peke yangu. Nitakuja, ila kwa siku moja. Restuta atakuwepo? Nisingependa maneno mbele za watu.

Shemeji yako,
Nikodemo

Tunduma, 5 Mei 2025

Shemeji,

Pole na sukari, punguza chai tamu. Restuta yuko kijijini Ruanda kwa mume wake wa sasa, wanalima kahawa, wala hana shida na wewe. Mtoto wenu alizaliwa salama. Mengine utauliza mwenyewe ukifika. Uje na shati jeupe.

Shemeji yako,
Gasper

Kitwe, 2 Juni 2025

Shemeji,

Nilirudi huku salama. Goti linaendeleaje? Kazi ilikwenda vizuri. Yule binti wa kamera ni mkali, alinivusha mpaka mara nne bila hata kutabasamu. Nilimpa hela ya soda, akakataa. Nitumie nakala.

Shemeji yako,
Nikodemo

Tunduma, 15 Juni 2025

Nikodemo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Goti halijambo.

Nakala imo kwenye flashi. Umeigiza vizuri, hilo sikunyimi. Kutwa nzima uliniuliza bei ya kamera, ushuru wa mpakani, nani amekufa, nani amejenga. Habari za mtoto hukuuliza.

Yule binti ni Fausta, mwanao. Alinikataza nisiseme mpaka uulize, akashinda karibu yako tangu asubuhi. Ulipopanda basi aliniambia kazi imekwisha, akaanza kukunja nyaya.

Mimi nilikasirika na bado nimekasirika. Yeye alikula ugali, akakaa kuunganisha picha. Nilimuuliza kama nikuandikie. Akasema nikuandikie ukweli, nisiombe jibu.

Mjomba wa Fausta,
Gasper