Dawa ya Baba Niliyoiacha

Mwenzangu, usinipigie, sina sauti. Niko wodini na baba.

Leo asubuhi kaniita mteja. Mimi, kitinda mimba wake. Akanipima mabega kwa mikono mitupu, eti suti yangu niifuate kesho. Yeye ni fundi cherehani, nikajua ni utani wake. Nilicheka, mwenzangu. Nilicheka.

Hapa daktari kamwambia anyooshe mikono, ikawa inapigapiga kama mbawa. Akaniuliza, "Ile dawa ya maji anakunywa?"

Nikasema nimeacha kumpa tangu juzi, inamharisha, namwonea huruma.

Akanitazama. "Dada, kuharisha ndiyo kazi yake. Ini lake limechoka, haliondoi tena amonia, sumu inayotoka kwenye chakula. Misuli inajaribu kusaidia, nayo inakonda. Amonia inayobaki inapanda kwenye ubongo, ndiyo inamchanganya akili. Dawa ile ndiyo inayoitoa, kwa njia ya choo."

Namwonea huruma. Nilitamka hivyo mbele ya watu.

Wanampa dawa ile tangu saa hiyo. Mpaka sasa mimi bado mteja.

Subiri, anaita.

Nimerudi. Nilimpeleka chooni. Unajua kaniitaje? "Kitinda mimba, nishike mkono, haraka."

Kitinda mimba, mwenzangu.