Vidole Viwili Ndani ya Mshono

3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, si umesimama na pasi mkononi. Mgongo je? Na ile cherehani ya zamani, bado inaruka mishono? Mimi ni mzima. Baridi ya huku imenikubali, au mimi ndiye niliyeikubali. Kazi ni ileile, chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka mia tatu kwa zamu, na msimamizi wetu anahesabu mpaka foronya.

Simu najua huitaki, unasema inamlazimisha mtu kujibu kabla hajafikiri. Kwa hiyo nakuandikia, ufikirie.

Nimeposwa.

Ni yule fundi wa lifti niliyekutajia mwaka jana, aliyekuja kuikwamua lifti yetu nikiwa ndani na mikokoteni miwili ya mashuka. Nilikwambia alichukua saa moja na nusu. Sikukwambia kwamba lifti ilipona dakika ya ishirini.

Si mtu wa kwetu, dada. Kwao na kwetu hatufanani hata namna ya kubisha hodi. Lakini amejifunza kusema shikamoo na anaigawa kama karanga. Juzi kampa paka wa jirani.

Kwao nao wana wakubwa. Mama yake amesema pete haiingii kidoleni mpaka mkubwa wa nyumba yetu aseme ndiyo, kwa maandishi, isomwe mbele ya watu. Nikawaambia baba na mama walishatutoka, mkubwa wetu ni wewe. Siku waliyopanga ni 22 Juni.

Na kuna jambo utalipenda. Huyo mama naye ni fundi cherehani. Miaka thelathini kiwandani, akishona mapazia. Jumapili nakaa jikoni kwake, ananionyesha kazi zake. Lugha haitutoshi, tunaelewana kwa chaki na vidole. Ameniambia nimwite Mama. Nimeona vizuri. Sijawa na wa kumwita hivyo tangu nikiwa na miaka sita.

Niandikie ndiyo, dada.

Mdogo wako

*

26 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imenikuta nimesimama, kama ulivyoogopa. Mgongo upo, kila asubuhi unanikumbusha kuwa ni wangu. Cherehani haijawahi kuruka mishono. Ni wewe uliyekuwa ukiikimbiza.

Shangazi alipita dukani nikamsomea. Alipiga kigelegele mpaka Fundi Viatu wa mlango wa pili akatokea na nyundo, akidhani nimevamiwa. Akauliza mchumba anafanya kazi gani. Nikamwambia lifti. Akasema, "Huyo basi ni mtu wa kupanda na kushuka, mwangalieni asije akakwama katikati." Mimi nilicheka. Shangazi hakucheka.

Sasa maswali yangu. Ana umri gani? Akikasirika hutoka nje au hubaki ndani? Ndugu zake wako wangapi, na nani kati yao anakaa kwake bila kazi? Na mwanaume anayemaliza kazi dakika ya ishirini akaondoka baada ya saa moja na nusu, mwajiri wake anajua?

Kuhusu mama yake. Pazia ni kazi nzuri. Pazia halina bega, halina kifua, halipumui. Ukilikosea sentimita tatu, dirisha halilalamiki. Sina neno naye.

Gauni la siku hiyo nitashona mimi. Mama alipofariki ulikuwa na miaka sita na mimi ishirini. Tangu siku ile mpaka ulipopanda ndege hukuvaa nguo ya mkono mwingine, na hukuwahi kuniita Mama. Sikukuomba.

Shangazi anakusalimu.

Dada yako

*

19 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka nimekosea kuhesabu foronya. Pole na mgongo, ule mfuko wa maji moto niliokutumia unautumia, au umempa Shangazi?

Majibu. Ana miaka thelathini na minne. Akikasirika huosha vyombo, hata visafi. Ana ndugu mmoja, mwanamke, ana kazi na kwake. Mwajiri hajui.

Gauni nataka liwe refu, mikono ifike kwenye viwiko, rangi uchague wewe. Vipimo vipo kwenye karatasi nyuma ya barua hii. Usitumie vya kwenye daftari lako. Vile ni vya miaka minne iliyopita, dada, na huku nimeongezeka. Kusukuma mikokoteni kumenipa mabega, na jiko la Jumapili limenipa kiuno. Amenipima Mama. Nilisita kidogo alipoleta futi, sijawahi kupimwa na mtu mwingine. Mikono yake ni mizito kuliko yako lakini haikosei. Amepima mara mbili, akaandika mara moja.

Amenishonea pia blauzi ya kazini, hivi hivi, bila kuulizwa. Ukiona kola yake utashangaa. Msimamizi ameniuliza nimeinunua wapi.

Anasema yuko tayari kusaidia pindo au zipu kama muda utakubana. Nimemwambia sidhani.

Hujaandika ndiyo. Niliisoma barua yako mara tatu nikiitafuta. Nimemwambia mwenzangu kuwa kwetu mambo hayaharakishwi. Ameenda kuosha vyombo.

Mdogo wako

*

10 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Hapa ni wazima. Mfuko wa maji moto anao Shangazi, ndiyo, ila jioni tu.

Karatasi ya vipimo imefika. Nimeiangalia. Huyo mama anaandika kiuno kabla ya kifua. Mimi nilifundishwa kuanza begani na kushuka, lakini kila mtu na shule yake. Ameandika namba zilizonyooka, za mtu anayejiamini. Nimeiweka kwenye droo ya cherehani.

Nimefurahi kusikia kola ni nzuri. Kola zako zote za shule nilizishona mimi, na sikumbuki msimamizi kuuliza.

Nimelifungua daftari. Ukurasa wako una mistari kumi na tisa. Wa kwanza una bega la kitoto, nikiutazama siamini kama mtu anaweza kuwa mdogo hivyo na bado akagoma kula. Unakumbuka sare ya darasa la kwanza? Nilikuachia vidole viwili vya kitambaa ndani ya kila mshono. Mwaka uliofuata nikafumua, nikaachia kimoja. Wa tatu nikaachia cha pili. Watu walidhani nakushonea mpya kila Januari. Wewe mwenyewe ulidhani hivyo mpaka ulipofika miaka kumi na miwili.

Kitambaa nimepata. Rangi ya zambarau iliyoiva, kizito, kinaanguka vizuri.

Kuhusu ndiyo, usiniharakishe. Jibu langu litakuja na gauni.

Fundi Viatu anauliza kama kwao wanavaa viatu ndani ya nyumba. Anasema hapo ndipo atajua kama ni watu wa maana.

Dada yako

*

25 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Gauni limeondoka leo asubuhi, kwa mkono wangu mpaka posta. Karani alitaka kulikunja upya liingie kwenye boksi dogo, nikamwambia aguse mizani yake tu.

Limekwisha. Halihitaji pindo, zipu wala kifungo. Hakuna cha kuongeza hapo.

Dada yako

*

16 Juni

Dada,

Shikamoo.

Gauni lilifika Ijumaa. Ni zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuvaa. Nasema hivyo kwanza kwa sababu ni kweli.

Halifungi. Zipu imesimama chini ya mbavu, na kutoka pale inahitaji vidole vinne. Nilivuta pumzi, nikajikunja, wifi yangu akavuta kwa koleo. Halikusogea. Nikatoa nakala ya vipimo niliyobaki nayo, nikapima gauni kwa futi. Si vipimo nilivyokutumia. Ni vya mstari wa kumi na tisa.

Sikuogopa. Nikamwambia Mama, "Fungua mshono wa ubavuni, dada yangu huacha vidole viwili." Nilimwambia kwa majivuno, uelewe hivyo. Nilitaka aone.

Akavaa miwani, akafumua kidogo tu kwa ncha ya wembe. Akaangalia. Akaenda upande wa pili, akafumua tena. Kisha akanipa nione mwenyewe. Umekata mpaka kwenye uzi, ukapitisha mashine ya kufunga kingo. Hakuna kitu mle, dada. Hakuna hata pa kupitisha sindano.

Akasema jambo, mwenzangu akanifasiria. Alisema, "Mwambie dada yako mkono wake ni bora kuliko wangu. Na mkono kama huu hausahau." Akalikunja, akaliweka kwenye karatasi yake. Hajasema zaidi mpaka leo, na ndicho kinachoniuma, kwamba yeye ameelewa haraka kuliko mimi.

Tangu nikiwa na miaka sita umeniachia nafasi ya kukua. Mwaka ambao nguo nyeusi za msiba ulizishona usiku mmoja, uliacha. Sare ya kwanza ya kazi ulipokuwa na homa, uliacha. Hili ulilolishona wiki sita ukiwa mzima, ukiwa na vipimo kwenye droo, hukuacha. Na ndani ya boksi nimetafuta karatasi yenye neno moja. Sikuiona. Au gauni ndilo jibu?

Tumesogeza siku mpaka 3 Agosti. Si kwa ajili ya nguo, nguo zimejaa madukani. Nimeomba nafasi ya barua moja kwenda na moja kurudi. Ikipita hapo nitasimama na blauzi yangu ya kazini na nitajisemea ndiyo mwenyewe. Watanishangaa, lakini watanivisha pete. Ila sitakuandikia tena, dada. Nimejiuliza kama nasema hivi kwa hasira. Nimelala siku mbili kabla ya kuandika. Si hasira.

Mdogo wako

*

8 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Hapa ni wazima, Shangazi anakohoa kidogo.

Hukukosea kitu. Vipimo vyako vilikuwa mezani nilipokuwa nakata. Niliviangalia, nikavirudisha kwenye droo, nikakata vya daftari. Ziada nikaikata kwa mkasi mkubwa, taratibu, pande zote, nikijua ninachofanya. Nilitaka liwe gauni ambalo mtu mwingine hawezi kuligusa. Kama huliingii, nilisema moyoni, basi utajua ni nani aliyekuwa akikujua.

Nilikuwa naona gere. Sina neno zuri zaidi. Donge lilianza uliposema umemwita Mama, na likazidi kwenye kola. Nilikuwa nikilala nikiifikiria kola ambayo sijaiona, nikiitafutia kasoro.

Kuna donge jingine, la zamani zaidi, na nitalisema mara moja. Ulipokuwa darasa la tano niliposwa. Mpima ardhi, mrefu, alileta suruali kupunguzwa mara nne katika mwezi mmoja mpaka ikawa kaptula. Alipata uhamisho akataka twende wote, ila wewe ubaki kwa Shangazi mpaka umalize shule. Nilikataa. Shangazi anajua, ndiyo maana hakucheka siku ile. Hukuniomba nibaki, kwa hiyo hunidai wala sikudai. Lakini nilipoliona neno "nimeposwa" katika mwandiko niliokufundisha mimi, sikufurahi kwanza. Kwanza niliuma meno. Furaha ilichelewa kufika, na mimi nikatuma gauni kabla haijafika.

Fundi Viatu alisikia nikimsomea Shangazi barua yako. Aliiweka nyundo chini, akasema, "Mimi mteja akiniletea kiatu kinachombana, simpi pole. Nampa kiatu." Akarudi kwake.

Kwa hiyo, kwenye bahasha hii kuna vipande viwili vya kitambaa kilekile, vilibaki. Kila kimoja kina upana wa vidole sita: viwili vya kuziba mwanya wa ubavuni, na vinne vya kubaki ndani, viwili kila upande. Mwambie mama mkwe wako asilikunje gauni, halina nafasi hiyo. Aliweke juu ya kipande, ashone akifuata alama ya uzi wangu. Uzi nimeuweka, namba ileile. Mwambie asipige pasi upande wa juu. Atakuwa anajua, lakini mwambie.

Kazi yake itaonekana. Mshono juu ya mshono hauwezi kufichika, kila atakayekuja karibu ataona mikono miwili. Itaniuma, sitakudanganya. Ukinipigia picha, piga kwa mbele.

Karatasi ya pili ndiyo ya kusomwa mbele ya watu. Ina neno moja na jina langu. Sikuweza kuandika zaidi, na hawakuomba zaidi.

Mwambie shemeji shikamoo yake nimeipokea kupitia kwa paka. Marahaba.

Jambo la mwisho. Leo nimeitoa karatasi ya vipimo kwenye droo, nikavinakili kwenye daftari, ukurasa wako, mstari wa ishirini. Nimevipanga kuanzia begani, hapo sikubadili. Pembeni, ninapoandika nani kapima, mistari yote kumi na tisa ina neno moja, "mimi". Huu nimeandika "mama yake mwingine". Kalamu ilikwama kidogo, nikaikung'uta, nikaendelea.

Dada yako