Siku Niliyokataa Kukusindikiza

Mpenzi Baba Nomsa,

Nimerudi salama nyumbani kwetu La Rochelle, hapa Johannesburg. Mwaka wa tatu huu tangu tukuzike, na bado nikifungua mlango natoa taarifa kana kwamba upo sebuleni.

Nomsa wetu, ambaye sasa ni nesi London, alinitumia tiketi nikakae naye wiki tatu. Nilipofika tu nikamwambia anipeleke kwenye lile bunge la kale la Waingereza. Lile ambalo ulipokuwa uhamishoni ulisimama nje yake na wenzako, mmeshika mabango ya kupinga ubaguzi wa makaburu, mkiimba kwenye mvua hadi sauti zikakauka. Wenzako wakaingia kutazama, wewe ukagoma. "Siendi kushangaa bunge la watu," uliniambia, "kabla sijapiga kura kwetu." Ukaidi wako, mume wangu, ungeuzwa kwa kilo tungetajirika.

Basi nimeingia kwa niaba yako. Tulipanga foleni karibu saa nzima, manyunyu yakitulowesha, viatu vyangu vipya vikinibana. Ndani kuna ukumbi mkubwa wa mawe, paa la mbao lililochongwa karne nyingi zilizopita, na baridi ya kuhifadhia nyama. Mwongoza watalii akaeleza habari za mfalme aliyehukumiwa humo. Mimi nilikuwa natafuta pa kukaa.

Nomsa akanishika mkono. "Mama, Baba alinisimulia siku ile ya kura. Mlisimama wote wawili tangu asubuhi. Eti ulibeba chupa ya chai, ukawamiminia hadi bibi wazee waliokuwa mbele yenu."

Baba Nomsa, chai gani?

Mwaka ule wa tisini na nne, watu weusi wa kwenu walipopiga kura kwa mara ya kwanza, nilikuwa na wiki tatu tu Johannesburg. Nomsa tulikuwa tumemwacha Morogoro kwa bibi yake amalize mwaka wa shule, na mimi nilikasirikia kila kitu: baridi, majirani walionisemesha Kizulu, hata mkate. Asubuhi ile ulivaa suti, ukasimama mlangoni.

"Nisindikize tu, mke wangu."

Nikakujibu nimekupa mgongo: "Nchi yako, foleni yako."

Mimi, niliyelelewa kumsindikiza hata jirani aliyekuja kuazima chumvi! Ulirudi jioni miguu imevimba, ukaomba maji ya kunywa. Hukununa. Hatukulizungumza tena, nami nikadhani umesahau.

Pale ukumbini ningeweza kuitikia kwa kichwa, mtoto akabaki na hadithi yake tamu. Nikashindwa. "Sikwenda, mwanangu," nikamwambia. "Alikwenda peke yake."

Tulipotoka nje akanigeukia. "Eish, Mama. Sasa Baba alinidanganya kwa nini?"

Swali hilo nimeliwaza kwenye ndege, nimeliwaza kwenye teksi kutoka uwanja wa ndege. Mwanzoni nilidhani ulikuwa unanisitiri, nikaona aibu. Lakini mtu anayesitiri husema maneno mawili akanyamaza. Haongezi chupa ya chai na bibi wazee. Siku nzima kwenye foleni ile uliniweka kando yako katika mawazo yako, na hukuniondoa tena. Nisamehe. Kukusindikiza ndicho kitu pekee ulichoniomba siku ile.

Leo nitampigia simu Nomsa nimwambie baba yake hakudanganya. Alikuwa anasimulia siku ile alivyotamani iwe.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo,
Mama Nomsa